Je, Kompyuta Inaiba Dadu? Yale Niliyoyasoma Kwenye Maoni ya Wateja

Nyota moja. Chini yake kuna aya ndefu, yote kwa herufi kubwa, na kiini chake ni kimoja: kompyuta inaiba dadu. Mwandishi anaeleza kwamba alikuwa anaongoza kwenye bakgamoni, mchezo wa ubao wa kukimbiza kete kwa dadu mbili, kete zake karibu zote zimeshafika nyumbani, mpaka mashine ilipohitaji sita mbili na ikazipata. Papo hapo. Zamu iliyofuata ikazipata tena.

Nikashuka chini kidogo. Maoni yaliyofuata yalikuwa na nyota tano. Huyu anasifu picha, anasifu wingi wa michezo, anasema ni miaka sasa jioni haipiti bila kucheza. Kisha, kwenye sentensi ya mwisho kabisa, anaongeza kwamba dadu zinaiba, hilo halina ubishi, ila yeye ameshazoea.

Watu wawili, programu moja, shutuma moja. Mmoja katoa nyota moja, mwingine tano.

Nilikuwa nasoma maoni hayo kwa sababu baba mdogo alinipigia simu akaniomba nimtafutie drafti ya kucheza kwenye kompyuta. Kazi ndogo, nilidhani. Nikapata mkusanyiko mmoja wa michezo ya mezani ya zamani: chesi, drafti, bakgamoni, dhumna, ludo, reversi na mingine kadhaa ndani ya programu moja. Ningeweza kuuchukua na kumaliza. Badala yake nikajikuta nasoma maoni mpaka usiku wa manane, na wiki zilizofuata nikawa narudia swali lilelile nikiwa kazini, nikiwa njiani, nikiwa nimelala: kama dadu kweli zinaiba, huyu wa pili anacheza nini kila jioni? Na kama haziibi, kwa nini wote wawili wana uhakika kiasi kile?

Wastani usiomhusu mtu

Kabla ya dadu, jambo dogo kuhusu nyota zenyewe.

Watu wachache sana hununua mkusanyiko wa michezo kwa ajili ya mkusanyiko. Mtu ananunua mchezo wake mmoja, na hiyo mingine inakuja kama nyongeza. Mpenzi wa chesi anafungua chesi. Mzee wa dhumna anafungua dhumna, na huenda asijue kamwe kwamba ndani ya programu hiyohiyo kuna reversi. Kila mmoja anarudi kutoa nyota kwa mchezo aliofungua, kisha nyota zote zinajumlishwa na kugawanywa. Kinachotoka ni namba ambayo haielezi chesi, haielezi dhumna, haielezi chochote.

Nilipoanza kuyapanga maoni kwa mchezo badala ya kwa nyota, picha ilibadilika kabisa. Wa dhumna walikuwa karibu wote wameridhika. Wa chesi walilalamikia viwango vya ugumu. Wa drafti walilalamikia sheria. Wa bakgamoni na ludo walilalamikia dadu, na walikuwa wakali kuliko wote.

Kundi jingine halikuufikia mchezo wenyewe: programu iligoma kufunguka. Hawa nina huruma nao, lakini nawapita haraka, maana kero yao ina maelezo. Programu za biti 16 za miaka ya tisini haziendi kwenye Windows ya biti 64. Na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 bila kukubali ulinzi wa diski ulioitwa SafeDisc, michezo mingi ya zamani ikagoma hata kwa mtu mwenye diski halali mkononi. Kwa hiyo angalia tarehe ya maoni kabla ya kuangalia nyota. Nyota tano za mtu aliyekuwa na kompyuta ya wakati ule hazikuahidi kitu kwenye kompyuta yako ya leo.

17 kati ya 36

Turudi kwenye dadu.

Nilianza nikiwa upande wa mashine. Nilidhani malalamiko yote ni ya watu walioshindwa. Hata hivyo sikutaka kumhukumu mtu kwa dhana, basi nikafungua bakgamoni, nikaweka daftari pembeni, nikawa naandika kila dadu zilivyoanguka, zangu na za mashine.

Kuna hesabu moja ambayo nadhani kila anayetaka kuandika maoni kuhusu bakgamoni angeifanya kwanza. Dadu mbili zina matokeo 36. Sasa chukua hali hii: una kete iliyobaki peke yake, na kete ya mpinzani iko nyuma yake kwa hatua sita, njia ikiwa wazi. Mpinzani anahitaji sita ili akupige, yaani airudishe kete yako mwanzo. Wengi tukisikia "anahitaji sita" tunafikiria dadu moja yenye pande sita, yaani nafasi moja kati ya sita. Unaiacha kete, unaona uko salama vya kutosha.

Sasa hesabu. Matokeo yenye sita ndani yake ni 11. Tano na moja ni mawili. Nne na mbili ni mawili. Tatu tatu, kwa kuwa dabo, yaani dadu mbili zenye namba ileile, huchezwa mara nne, inafika. Mbili mbili nayo inafika. Jumla ni 17.

17 kati ya 36. Karibu nusu.

Sogeza kete hiyohiyo hatua moja tu mbele, iwe mbali kwa hatua saba, na hatari inashuka mpaka 6 kati ya 36: sita na moja, tano na mbili, nne na tatu, kila jozi mara mbili. Hatua moja ya ubao, na nafasi ya kupigwa inapungua karibu mara tatu. Mashine inajua hilo kila zamu, haichoki, haisahau. Inaziweka kete zake mahali ambapo matokeo mengi yataifaa, na inaziondoa mahali ambapo matokeo mengi yatakufaa wewe. Baada ya hapo dadu yoyote ikianguka, inaonekana kana kwamba ilikuwa imeomba hiyo.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Mchezaji mzuri wa bakgamoni, awe mtu au programu, huonekana mwenye bahati. Yule wa nyota moja aliona kweli alichokiona. Aliona mpinzani ambaye dadu "zinamkubali". Alichokosa ni sababu.

Dabo nazo zina hesabu yake. Kila ukirusha, nafasi ya kupata dabo yoyote ni moja kati ya sita. Katika mchezo ambao mashine inarusha mara 25, utarajie dabo nne hivi, na mbili kufuatana si muujiza. Kwenye ludo, ukiwa unasubiri sita ili utoke, nafasi ya kurusha mara kumi bila kuipata ni kama asilimia 16, yaani karibu mtu mmoja kati ya sita ataketi hivyo, kete zake zote ndani, akiwaangalia wenzake wanazunguka ubao. Huyo mmoja ndiye atakayeandika maoni. Wale watano hawana la kusema kuhusu dadu.

Na kuna kasi. Mezani watu wanaongea, wanaokota dadu iliyoanguka chini, wanabishana kidogo. Kwenye skrini mchezo mzima unaisha wakati mezani mngekuwa bado mnapanga kete. Mtu anayecheza kila jioni anaona dadu nyingi ndani ya mwezi kuliko alizowahi kuziona mezani kwa muda mrefu sana, na yale ya nadra yanampitia mbele ya macho mara nyingi zaidi.

Bingwa na dadu zake

Shutuma hii haikuanza na programu za nyumbani. Mwaka 1979, Monte Carlo, programu ya bakgamoni iliyoitwa BKG 9.8, kazi ya Hans Berliner, ilimshinda Luigi Villa, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, kwa pointi 7 kwa 1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kompyuta kumshinda bingwa wa dunia aliye madarakani katika mchezo wa ubao. Berliner mwenyewe alipochambua michezo ile baadaye, alikiri kwamba dadu ziliipendelea programu yake, na kwamba Villa ndiye aliyecheza kwa ustadi zaidi.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanigusa. Mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyesema kwamba dadu zilikuwa upande wetu. Hakuna aliyemlazimisha.

Mambo yalibadilika miaka ya tisini. Mwaka 1992 Gerald Tesauro wa IBM alionyesha TD-Gammon, programu iliyojifunza bakgamoni kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, ikafikia kiwango cha kukaribiana na wachezaji bora wa dunia. Tangu hapo programu haina haja ya kuiba ili ikushinde. Kwa mtazamo wa mtengenezaji, kuiba ni kazi ya ziada isiyo na faida.

Hapo ningeweza kufunga daftari na kusema wateja wamekosea.

Sikuweza, kwa sababu ya jambo jingine.

Wanaochezea nasibu kweli wapo

Kuna michezo ya kompyuta ambayo nasibu yake imerekebishwa makusudi, na si siri. Tetris za kisasa, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka, hazichagui vipande ovyo: vipande vyote saba vinawekwa kwenye kapu moja, vinatoka kimoja kimoja mpaka viishe, ndipo kapu linajazwa upya. Ndiyo maana hutasubiri kipande kirefu milele. Mtunzi wa michezo Sid Meier naye alieleza mwaka 2010, mbele ya watengenezaji wenzake, kwamba wachezaji walioonyeshwa kuwa na nafasi ya 3 kwa 1 kushinda pigano walijiona wameonewa waliposhindwa, na kwamba hesabu zilirekebishwa ili zifuate hisia za mchezaji.

Kwa hiyo anayeshuku si mjinga. Anaishi katika zama ambazo programu nyingi zinamwonyesha kitu kimoja na kufanya kingine, na mara nyingi hilo hufanywa kwa nia ya kumfurahisha. Akiniuliza, "Wewe umejuaje kwamba hii haifanyi hivyo?", daftari langu halitoshi kumjibu. Kurasa zangu chache zilionyesha dadu za kawaida. Daftari la mtu mwingine lingeweza kuonyesha vingine, kwa bahati tu, na yeye angekuwa na haki ya kuliamini kama mimi nilivyoliamini langu.

Nilipofika hapa nikaacha kuuliza kama dadu zinaiba. Nikaanza kuuliza kwa nini mtengenezaji amemwacha mteja katika hali ambayo hawezi kujua.

Mezani, dadu iko mbele ya macho ya wote. Naiona mkononi mwako, naisikia ikigonga ubao, nikishuku naiomba niirushe mimi. Kwenye skrini kuna picha ya dadu inayozunguka, na ile picha haina kazi yoyote. Namba ilishachaguliwa kabla picha haijaanza kuzunguka. Mteja analijua hilo hata kama hawezi kulieleza, na nadhani ndiyo sababu hasira kubwa zaidi katika maoni yale yote iko kwenye michezo ya dadu, wala si kwenye chesi, ambako mashine inamchapa vilevile lakini kila kitu kiko wazi ubaoni.

Dawa ipo, na ipo kwa muda mrefu. GNU Backgammon, programu ya bure, hutumia kanuni ya namba nasibu inayoitwa Mersenne Twister, iliyotungwa na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, mwaka 1997. Kanuni hiyo ni ya wazi, yeyote anaweza kuikagua. Ila kinachonifurahisha zaidi ni kwamba programu hiyo inakuruhusu uzime dadu zake kabisa. Unarusha dadu zako mwenyewe, za mfupa au za plastiki, mezani kwako, kisha unaiandikia zilivyoanguka. Zako na zake pia. Hapo shutuma inakwisha bila mabishano.

Watengenezaji wa mikusanyiko ya kuuzwa wangeweza kuweka kitufe hicho kwa kazi ndogo sana. Wangeweza pia kuweka ukurasa mmoja unaoonyesha dadu zote zilizorushwa tangu ulipoanza kucheza, upande kwa upande. Wengi hawajafanya hivyo, na majibu yao kwa wateja, pale wanapojibu, ni kwamba dadu ni za haki. Mteja hakuuliza kama wanaamini hivyo. Anaomba aone.

Kingi wa hatua moja

Baba mdogo, kwa upande wake, hakuwa na shida na dadu. Alifungua drafti, akacheza kidogo, akanipigia.

"Mwanangu, huyu kingi wako mgonjwa?"

"Vipi, baba?"

"Anatembea hatua moja. Nimemhangaikia mpaka kafika, halafu anatembea hatua moja."

Nikarudi kwenye maoni, na kweli, wa drafti walikuwa wamelia kilio hicho tangu mwanzo, mimi nikawasoma juu juu. Mikusanyiko mingi ya aina hii imetengenezwa Marekani au kwa soko la Marekani, na inakuja na drafti yao: ubao wa miraba 64, kete 12 kila upande, kete ya kawaida hairuhusiwi kula kinyumenyume, na kingi anasogea mraba mmoja tu. Drafti ya kimataifa ni nyingine. Ubao una miraba 100, kete 20 kila upande, kete inakula mbele na nyuma, kingi anavuka ubao mzima kwa mshazari, na ukiwa na njia mbili za kula unalazimika kufuata ile inayokula kete nyingi zaidi. Drafti ya Kirusi inachezwa kwenye miraba 64 na kingi anaruka, yaani naye anavuka ubao mzima. Ya Kibrazili inachukua sheria za kimataifa na kuziweka kwenye ubao mdogo.

Yote inaitwa drafti. Jalada linasema drafti, na hapo jalada linanyamaza.

Chesi haina tatizo hili. Shirikisho lake la dunia, FIDE, limekuwapo tangu 1924, na farasi anaruka vilevile kila mahali. Ndiyo maana kwenye chesi hutaona mteja analalamika kwamba kompyuta haijui mchezo. Kwenye drafti utawaona wengi, na kila mmoja anasema kweli kwa drafti aliyokulia. Dhumna ina tofauti zake pia, kuna ya kuokota na ya kufunga, lakini nyingi ya programu nilizoziona zinakupa uchague, na ndiyo sababu nadhani watu wa dhumna walikuwa na amani.

Huwa nafikiria jina la Edmond Hoyle, Mwingereza aliyeandika vijitabu vya kufundisha michezo, wist, mchezo wa karata, mwaka 1742 na bakgamoni mwaka 1743. Jina lake likageuka kuwa neno la kumaanisha sheria halali, na tangu 1989 kampuni ya Sierra ilipoanza kulitumia, limebandikwa kwenye mikusanyiko mingi ya kompyuta. Jina hilo linamwahidi mnunuzi kwamba ndani atakuta sheria zenyewe. Kwa drafti ahadi hiyo haitimiziki mpaka jalada liseme ni drafti ipi. Sentensi moja ingetosha: kingi anaruka au haruki.

"Huyu hafikiri"

Baba mdogo hakukata tamaa. Alizoea kingi wa hatua moja kwa muda, akapandisha ugumu mpaka juu kabisa. Safari hii hakupiga simu, alisubiri nimtembelee. Alikuwa amekaa mbele ya skrini, mkono umeshika kipanya, miwani imeteremka puani. Akasogeza kete. Kabla hajaondoa kidole, mashine ilikuwa imeshajibu.

"Umeona?" akaniambia. "Huyu hafikiri."

Nikamwambia anafikiri, ila haraka mno.

"Mimi nimetumia dakika tano kutafuta hatua hii. Yeye hakuiangalia hata. Sasa nimecheza na nani?"

Nilimweleza habari za Chinook, programu ya drafti. Jonathan Schaeffer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza kuijenga mwaka 1989. Mwaka 1992 ilikutana na Marion Tinsley, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini alipoteza michezo ya kuhesabika kwa vidole, na Tinsley akaishinda mara 4 dhidi ya 2, michezo mingine 33 ikiwa sare. Walirudiana 1994, lakini baada ya sare sita Tinsley alijitoa kwa sababu ya afya. Mwaka 2007 timu ya Schaeffer ikatangaza kwamba drafti ile ya miraba 64 ya Kimarekani imekwisha: pande zote mbili zikicheza bila kosa, matokeo ni sare. Ile ya miraba 100 haijafikiwa.

Baba mdogo alisikiliza kwa makini. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: je, huyo Tinsley alikuwa anafurahia kucheza nayo?

Ninachokijua ni kwamba alikubali kukaa nayo mezani, na alikubali tena.

Kwenye maoni ya wateja nilikuta makundi mawili yanayopingana kuhusu jambo hili. Moja linalalamika mashine inajibu haraka mno, jingine linalalamika inachelewa, hasa pale ambapo kete zinasogea polepole kwa mapambo na huwezi kuyazima. Mwanzoni niliona wanapingana. Sasa naona wote wanalalamikia muda usio na maana. Mapambo yanachelewesha hatua nyepesi na ngumu kwa kiasi kilekile. Mashine ya haraka inajibu nyepesi na ngumu kwa kasi ileile. Mtu anayekaa mbele yako hafanyi hivyo. Akinyamaza kwa muda mrefu, unajua umemgusa mahali. Ukimya wake ni sehemu ya taarifa ubaoni, na mzee kama baba mdogo amejifunza kuusoma maisha yake yote.

Wa chesi wana kilio kinachofanana. Kiwango rahisi, wanasema, kinacheza hatua kumi safi kisha kinamtoa malkia bure. Ni kweli, kwa sababu njia nyepesi ya kuidhoofisha programu ni kuizuia isione mbali au kuichomekea hatua mbovu hapa na pale. Anayeanza kujifunza hakosei hivyo. Yeye hukosea pale ambapo hali inamchanganya, anamwona farasi na kumsahau askofu aliye mbali. Mwaka 2020 watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Toronto na Cornell, walitoa Maia, programu ya chesi iliyofunzwa kwa michezo ya watu wa kawaida ili itabiri hatua ambayo mtu wa kiwango fulani angeicheza, makosa yake yakiwemo. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka wale wateja wa chesi. Walikuwa wameomba kitu hicho kwa maneno yao wenyewe, kwa nyota mbili na tatu, bila mtu kuwasikia.

Maoni niliyoyaandika

Mwishowe niliandika maoni yangu kuhusu mkusanyiko ule. Nilianza na tarehe na aina ya kompyuta. Nikasema drafti ni ya miraba 64 na kingi haruki. Nikasema dhumna ina namna mbili na zote zinafanya kazi vizuri. Nikasema chesi kwenye kiwango cha chini inatupa kete ovyo, kwa hiyo anayemtafutia mtoto wa kujifunza aangalie kwingine. Kuhusu bakgamoni nikaandika kwamba sikuona dalili ya wizi, nikaweka hesabu ya 17 kati ya 36, na nikasema waziwazi kwamba mtengenezaji hajakupa njia ya kuhakikisha, na kwamba hilo ni kasoro ya programu, mteja hana kosa.

Ukurasa ulinidai nyota. Nikaweka tatu, kisha nikaandika chini yake: dhumna tano, bakgamoni tatu, chesi tatu, drafti mbili.

Yule wa nyota tano anayecheza kila jioni huku akiamini anaibiwa sijamwelewa mpaka leo kwa ukamilifu. Nadhani amepata mpinzani anayeweza kubishana naye, na ubishi huo anaupenda. Ni dhana tu, ila ningependa kumuuliza.

Baba mdogo nimemwekea programu nyingine, ya drafti peke yake, miraba 100, kingi anaruka. Ameifurahia, isipokuwa bado inajibu kabla hajaondoa kidole. Natafuta ambayo muda wake wa kujibu unafuata ugumu wa hatua, ikae kimya pale inapobanwa na ijibu upesi pale njia ilipo moja. Anayeifahamu aniandikie jina lake na aina ya kompyuta anayoitumia.